Nilivyojaa Kabla ya Adhuhuri Katika Nchi ya Uandani

Kazi yangu ni ya ofisini, lakini jina nimelipata kwa kutoa nasaha. Kwetu Muheza, ikifika shughuli ya kumuaga binti anayeolewa, baada ya pilau na kabla ya zawadi, mimi huitwa mbele, napewa kipaza sauti, nawaeleza maharusi namna ya kuishi na mtu. Nimefanya hivyo mara arobaini na kitu. Nina maneno yangu mawili matatu ambayo lazima yamtoe machozi mama wa bibi harusi, na yanayopendwa zaidi ni yale ninaposema kwamba mwenzio hata ukimtembea miaka hamsini humfikii mwisho. Nayataja mapema ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani anayemsimulia.

Jambo la pili sikuzoea kulitaja mbele ya kipaza sauti. Nikitoka kazini, na Jumapili tangu asubuhi, hucheza michezo ya kompyuta. Si ile ya mpira wala ya magari. Yangu ni ile ambayo wewe unakuwa shujaa, unazunguka nchi za kubuni na kundi la wenzako: huyu mganga, yule mwizi aliyetubu, yule mpiga upinde. Wenzako hao wana mioyo. Ukiwajibu vizuri wanakupenda, ukiwapa zawadi wanakupenda zaidi, na wakishakupenda vya kutosha wanakueleza yaliyowasibu utotoni. Hapo ndipo ninapopapenda mimi. Yuko mpiga upinde mmoja ambaye najua jina la shangazi yake, ugonjwa uliomuua mbwa wake, na sababu ya kutokula samaki.

Jumapili moja, baada ya chai ya saa nne, mke wangu Asumini alikuja sebuleni na ungo wa mchele, akaketi, akaanza kuchambua. Akasema, "Baba Shani, nina jambo nataka kukuambia." Wakati huo mpiga upinde alikuwa ndiyo kwanza anaanza kunieleza habari za mama yake mzazi. Nikamwambia Asumini, "Ngoja nimalize hapa." Nakumbuka mchele uliendelea kulia kwenye ungo. Nakumbuka pia kwamba sikugeuka kumtazama.

Jinsi nilivyofika Uandani baada ya hapo siwezi kueleza, kwa sababu njia sikuiona. Nilikuwa kwenye kochi, halafu nikawa mbele ya meza ya karani, nimesimama, nimevaa kandambili, na kikombe cha chai mkononi.

Karani aliitwa Bi. Rehani, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinipa kijitabu cha sheria. Nikamshukuru. Akanipa furushi la kadi. Nikamshukuru tena. Akaniangalia kwa juu ya miwani, akachukua kalamu.

"Hiyo ni ya pili," alisema. "Ya tatu kwa siku moja, kwa mtu mmoja, kwetu ni posa. Fomu ninayo hapa."

"Mama, mimi nina mke."

"Wote huwa nao. Wanashukuru tu bila kuangalia wanamshukuru nani."

Tangu hapo kila alichonipa nilikipokea kwa kutikisa kichwa.

Sheria za nchi ile ni nyingi, nitataja zilizonigusa. Kila mzaliwa wa Uandani huitwa mwandani, na kazi yake hapa duniani ni kumsubiri msafiri amchague. Kifuani, upande wa moyo, kila mmoja amebandikwa mrija wa kioo wenye maji mekundu na mistari mitano. Ukimfurahisha, maji yanapanda. Ukimuudhi, yanashuka. Na kwa kuwa baadhi ya wasafiri macho yao hayaoni vizuri, sheria inamtaka mwandani atamke mwenyewe: nimependezwa, nimependezwa kidogo, nimechukizwa. Analitamka papo hapo hata kama ana tonge mdomoni.

Msafiri naye haongei ovyo. Mwandani akimaliza kusema, msafiri anachomoa kadi kwenye furushi. Kadi ina majibu matatu yaliyokwisha kuandikwa: la kwanza la upole, la pili la ukali, la tatu la mzaha. Anachagua moja, analisoma. Nje ya hayo matatu hana ruhusa ya kumwambia mwandani neno lolote. Kwa makarani unasema utakavyo, maana wao kisheria hawana mioyo.

"Na kutoka?" nilimuuliza Bi. Rehani.

"Lango ni moja. Msafiri hatoki mpaka awe na mwandani aliyejaa hadi mstari wa tano, wa kushuhudia kwamba hakupita kwetu bure. Msafiri anatoka, aliyejaa anabaki."

"Huchukua muda gani?"

"Kwa mtu anayejua kuishi na watu, siku tatu."

Nilitabasamu. Nasaha arobaini na kitu, halafu mtu ananitisha kwa siku tatu. Hata hivyo lile jambo la Asumini lilikuwa limeanza kunisumbua, nikataka nimalize haraka nirudi nikalisikie.

Nikapelekwa kambini nichague wawili, maana zaidi ya wawili hairuhusiwi. Kambi ni uwanja mpana wenye moto katikati, na wandani wamesimama pale, kila mtu mahali pake alipopangiwa. Hakuna anayekaa, hakuna anayekwenda kwa mwenzake kuomba chumvi. Mmoja ananoa kisu tangu asubuhi hadi jioni, kisu chenyewe kimebaki kama sindano. Nikachagua mlinzi mmoja mwenye mkuki, Makungu, mtu wa miraba minne aliyeweka mguu mmoja juu ya jiwe. Wa pili nikamchagua mwanamke wa makamo, Sikudhani, fundi wa kufuli, aliyeshika tupa mkono mmoja na kichupa cha mafuta mkono wa pili. Mrija wa Sikudhani ulikuwa umefika mstari wa tatu. Nikasema moyoni, huyu hana kazi, nusu ya njia ameshapita mwenyewe.

Siku ya kwanza tu nilijua kwamba watu wawili hawapendezwi na jambo moja. Tulikutana na mtu kaiba mbuzi. Kadi ikasema: mwachie, ana njaa, au, mfunge, au, tumsikilize mbuzi kwanza. Nikasoma la kwanza.

"Nimependezwa," alisema Sikudhani, kwa sauti ya mtu anayesoma bei kwenye kopo.

"Nimechukizwa," alisema Makungu, na maji yake yakashuka nusu mstari.

Kesho yake tulikutana na mwizi mwingine, nikampa Sikudhani ndoo aende kisimani, nikasoma la pili, Makungu akapendezwa. Keshokutwa yake nikafanya kinyume chake. Nilijiona mjanja wa kupindukia. Mtu mzima mwenye mvi, namzungusha fundi wa kufuli kwenda kisimani mara tatu kwa siku ili nimfiche uso wangu wa pili, na jioni najipongeza kwa kujua watu.

Mwishowe nilichoka na Makungu, nikamrudisha kambini nibaki na mmoja. Nilimsomea kadi iliyosema nitakufuata kesho. Nikasahau. Nilimkumbuka siku ya tisa, nikaenda. Nilimkuta amesimama vilevile, mguu juu ya jiwe, mvua ilikuwa imemnyeshea na kumkaukia mgongoni. Mrija wake haukuwa na tone.

Nikachomoa kadi. Jibu la kwanza lilisema: umeshindaje, ndugu yangu?

"Nimekusubiri," alisema Makungu. Akashusha mguu kwenye jiwe, akachukua mkuki wake, akaenda zake. Sheria inasema mwandani aliyekauka harudi tena kwa msafiri yuleyule, na msafiri aliyemkausha hapewi mwingine. Nilibaki na kadi mkononi na aibu ya mwaka mzima. Sasa nilikuwa na Sikudhani peke yake, na Sikudhani alikuwa bado kwenye mstari wa tatu.

Nikaingia kwenye zawadi. Kijitabu kinasema kila mwandani anapenda kitu kimoja, na Sikudhani anapenda vifungo vya shaba. Nilimletea vifungo asubuhi na jioni. Kila nikimpa alisema "nimependezwa kidogo," akavitia katika gunia. Gunia lenyewe nililiona siku nyingine, halinyanyuliki, lina vifungo vya wasafiri wote waliopita kabla yangu, na gauni lake yeye lilikuwa limefungwa kwa pini.

Ilisadifu kwamba wiki ile Baraza la Uandani lilikuwa linajadili jambo hilohilo, na wasafiri tukaruhusiwa kusikiliza. Mjumbe mmoja alikuwa ameleta hoja kwamba mwandani aliyepewa zawadi ileile mara ya kumi aruhusiwe kusema "inatosha." Walijadili asubuhi nzima. Upande mmoja ulisema wasafiri watavunjika moyo, na msafiri aliyevunjika moyo hatembei. Mwingine akasimama akasema neno hilo liruhusiwe ila lisemwe kwa tabasamu. Mzee mmoja wa nyuma akauliza kama mwandani akishasema inatosha, msafiri atamwambia nini baada ya hapo, na kadi ya jibu hilo hakuna. Hoja ikaanguka. Waliopinga wakatamka "nimependezwa," na walioshindwa nao pia wakatamka, kwa kuwa mlangoni palikuwa na wasafiri. Mimi nilipiga makofi, na vifungo kumi na vinne vikalia mfukoni.

Sasa nieleze habari ya majonzi, maana ndiyo roho ya nchi ile. Kila mwandani ana jonzi moja, na amelikata vipande vitatu. Cha kwanza anakitoa akifika mstari wa pili, cha pili akifika mstari wa nne, na cha tatu kabla tu ya kujaa. Ukishapokea cha tatu na kumjibu sawasawa, anajaa, na mtu akishajaa huitwa aliyekamilika.

Kipande cha kwanza cha Sikudhani kilikuwa kwenye kijitabu, kimeandikwa na waliotangulia: baba yake, Mzee Mkadamu, ndiye aliyetengeneza kufuli la lango kuu. Cha pili nilikipata baada ya vifungo hamsini na kitu, maji yalipogusa mstari wa nne. Tulikuwa tumekaa barazani, anapaka mafuta kufuli bovu. Akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, na mimi nitasema kweli tupu: robo tatu ya alichosema sikukisikia. Nilikuwa nimeinamia kadi, nalinganisha jibu la kwanza na la tatu, lipi litapandisha maji. Niliposikia amenyamaza, nikasoma la kwanza: pole sana, hilo ni zito.

"Nimependezwa kidogo," alisema. Halafu akafanya jambo ambalo sijapata kuliona kwa mwandani mwingine. Akaweka kidole gumba juu ya mdomo wa mrija, akauziba.

"Nikiuziba hivi hausikii," alisema. "Nimesema nini sasa hivi?"

Nikatazama kadi.

"Usiangalie huko. Nimekuambia nini?"

"Habari za baba yako," nilisema.

"Baba yangu kafanya nini?"

Nikageuza kadi upande wa nyuma, ulikuwa mtupu. Hata hao maharusi wa Muheza, wangeniona, wangedai nasaha zao zirudiwe upya na mtu mwingine.

Sikudhani hakukasirika. Alifunga kichupa cha mafuta, akasema, "Inuka nikuonyeshe."

Alinipeleka nyuma ya lango. Pale pana benchi refu la mbao, limeegemea ukuta, na juu yake wameketi waliokamilika. Wamejaa wote, mirija yao myekundu hadi juu, nyuso zimetulia. Nilipita mbele ya mama mmoja akaniambia, "Safari njema, mwenzangu." Nikamjibu. Akaniambia, "Safari njema, mwenzangu." Wa pili yake alisema, "Usiku ule sitausahau." Kila mmoja alikuwa amebakiwa na sentensi moja, wengine nzuri kabisa, na ukimsemesha chochote anakupa hiyohiyo.

Mwisho wa benchi aliketi mzee mwenye mikono mikubwa. Sikudhani akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba."

"Mafuta kidogo, halafu zungusha," alisema Mzee Mkadamu.

"Nimesikia, baba."

"Mafuta kidogo, halafu zungusha."

Sikudhani akaziba tena mrija wake. "Alijazwa kwa siku mbili," aliniambia. "Msafiri mwenyewe alikuwa mtu mwema, alimpa tumbaku, alimpigia makofi, akamuuliza majonzi yake akamtatulia yote matatu. Mzee alikuwa mtu wa kusema huyu. Alikuwa anajua kucheka mpaka anashika ukuta. Mimi nimekataa kutoa kipande cha tatu miaka kumi na moja. Wasafiri kumi na tisa wamenikasirikia, wakaniacha kambini, wakaenda kujaza wengine. Wewe huna mwingine, najua. Lakini mimi sikubali kuisha."

Nilitaka kumwambia namwelewa. Kweli nilimwelewa, na palepale nikajisikia nawaza: je, vifungo mia vingetosha? Ndivyo nilivyo.

Zikapita siku, zikawa wiki. Nikakonda kwa mawazo. Kila asubuhi nilijaribu kukumbuka sauti ya Asumini aliposema nina jambo, kama ilikuwa ya furaha au ya msiba, nikashindwa. Nikatafuta nyuma: mara ya mwisho aliniambia jambo lenyewe ni lini? Nilichopata ni "chai iko mezani." Nikarudi nyuma mwezi, miezi sita, mwaka. Chai iko mezani. Siku ile sikula.

Nilimwendea Sikudhani nikaweka kadi chini, nikamwambia bila kusoma popote, "Mke wangu ana jambo na mimi sijui ni nini. Naogopa."

Aliweka gumba juu ya mrija. "Sheria inataka msafiri na mwandani aliyejaa," alisema. "Imesema nani awe nani?"

Tukaenda kwa Bi. Rehani. Alifungua kijitabu, akafungua kingine kikubwa zaidi, akasoma tangu kifungua kinywa hadi mchana. Mwishowe akasema hakuna mahali panapokataza, na fomu ya kubadilishana ipo, haijawahi kujazwa. Nikataka kumshukuru, nikajizuia. Akautoa mrija kifuani kwa Sikudhani, akanibandikia mimi mwingine mtupu. Furushi la kadi akampa Sikudhani.

"Mimi nikitoka nitafika wapi?" Sikudhani alimuuliza.

"Nje," alisema Bi. Rehani. "Zaidi ya hapo hatuna karatasi."

"Inanifaa. Nataka kuona watu ambao hawajaisha."

Mimi nilikuwa na wasiwasi wa aina nyingine. Niliwavuta pembeni nikawaonya, kwa dhati kabisa, kwamba zoezi hili linaweza kuchukua miezi. Mimi ni mtu mwenye kina, niliwaambia. Nina mambo mengi ndani ambayo hata nyumbani hawajayafikia. Nilidhani nikishajaa na kupelekwa langoni tutatafuta namna ya kutoka wote, na muda wa kutafuta namna hiyo utakuwepo wa kutosha.

Tulianza kesho yake saa mbili asubuhi. Sikudhani alichomoa kadi akaniuliza, "Ni kweli watu hulia ukitoa nasaha?" Nikamweleza. Nilimweleza yote, na ile ya kipaza sauti kilipozimika kule Amboni nikaendelea kwa sauti yangu ya asili. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Nimependezwa." Mstari wa kwanza.

Akanipa kashata ya nazi. Mstari wa pili, na nusu nyingine kwa sababu ilikuwa ya moto.

Akaniuliza habari za mpiga upinde. Hapo nilisema kwa saa nzima. Nilimwona ameinamia kadi, analinganisha majibu, hanisikilizi hata kidogo, na wallahi sikujali. Nilitaka tu aendelee kuwa mbele yangu nikiongea. Mstari wa nne ulipita sikuuona.

"Sasa jonzi lako," alisema. "Vipande vitatu."

Nilikuwa na kimoja. Nilitafuta, nikapekua, sikuona kingine. Nikamwambia kwamba mwaka juzi, kwenye harusi ya mpwa wangu mwenyewe, walimwita mtoa nasaha kutoka Korogwe. Sauti yangu ilikatika nilipofika pa Korogwe.

Sikudhani akasoma jibu la kwanza. "Pole. Wewe ndiye bora kuliko yeye."

Nilijaa. Maji yaligonga mdomo wa mrija, na jua lilikuwa halijafika utosini. Bi. Rehani aliandika saa kwenye daftari lake, akaangalia tena ukurasa wa nyuma, akasema hiyo ni ya haraka kuliko zote zilizowahi kuandikwa, ikiwemo ya mtu mmoja aliyekuwa na homa.

Nikataka kusema kwamba pana kosa. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Ngoja nimalize hapa."

Nikajaribu tena, kwa nguvu, nataka kumwambia Sikudhani asiniache, mke wangu ananisubiri. "Ngoja nimalize hapa," nilisema. Wakanishika mkono kila mmoja upande wake, wakaniketisha mwisho wa benchi, ubavuni kwa Mzee Mkadamu.

Sikudhani alimpigia goti baba yake mara ya mwisho. Alipaka kufuli mafuta, akalizungusha, lango likafunguka bila kelele. Alikuwa mguu mmoja nje, mmoja ndani, mahali ambapo sheria ya kadi haifiki, alipogeuka kunitazama.

"Kaka," alisema, "mkeo alitaka kukuambia nini?"

Hakungoja jibu. Alitoka, na sikumwona tena. Kipande chake cha tatu mpaka leo sikijui, na hata alipo sipajui.

Benchi lile si baya. Hilo ndilo linalonitisha hadi sasa. Hukai kwa maumivu, unakaa kwa raha, umeshiba mwenyewe. Kila asubuhi Bi. Rehani hupita na daftari, anasimama mbele ya kila mtu, anauliza, "Una la kusema?" Mama wa kwanza: safari njema, mwenzangu. Wa pili: usiku ule sitausahau. Mzee: mafuta kidogo, halafu zungusha. Mimi: ngoja nimalize hapa. Anatia alama ya vema, anaenda. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano.

Lakini lile swali lilikuwa limeniingia kama kokoto kwenye kiatu. Mkeo alitaka kukuambia nini. Nilikaa nalo siku nzima, nikaligeuza huku na huku. Nilijua shangazi wa mpiga upinde, nilijua mbwa. Nikajaribu kumkumbuka Asumini mwaka huu anaogopa nini, anacheka na nani, kwa nini ameacha kwenda kwa dada yake kule Pongwe. Kila mahali nilipogusa palikuwa patupu. Siku ya nane nililia machozi, huku uso wangu umetulia kama wa wenzangu. Nilimwonea huruma mke wangu, kisha nikajionea huruma mwenyewe, kisha nikaona hiyo ya pili ndiyo iliyonileta pale.

Siku ya tisa Bi. Rehani akasimama mbele yangu. "Una la kusema?"

"Sijui," nilisema.

Kalamu ikasimama. Alifunua ukurasa, akafunua mwingine. "Hilo siyo lako. Lako ni ngoja nimalize hapa."

"Sijui mke wangu alitaka kuniambia nini. Sijui chochote chake. Nimeishi naye miaka ishirini na mbili."

Maji kwenye mrija wangu yakaanza kushuka. Yalishuka mistari minne moja kwa moja. Bi. Rehani aliyatazama kwa uchungu wa mtu ambaye hesabu zake zilikuwa safi hadi dakika ile. Akasema aliyekamilika hawezi kuwa na asilolijua, kwa hiyo nimeandikwa kimakosa, mimi ni mwandani mbovu, na wabovu hawakai benchini. Akaandika "mbovu" mbele ya jina langu, akapiga mhuri.

Nilipoinuka nilimgeukia Mzee Mkadamu. Nikamwambia, "Mzee, Sikudhani ametoka. Kufuli lako alilifungua mwenyewe."

"Mafuta," alisema mzee. Mkono wake mmoja ukanyanyuka, ukashika ukuta. "Mafuta kidogo," alisema mwishowe, na sikuruhusiwa kukaa nisikie kama angemalizia.

Walinitoa kwa mlango wa nyuma, unapotupwa uchafu uliofagiwa. "Asante," nilimwambia Bi. Rehani.

"Hiyo ni ya kwanza," alisema, na akafunga.

Nilikuwa kwenye kochi. Kwenye kioo cha kompyuta mpiga upinde alikuwa bado amesimama, mdomo wazi, ananingoja nichague jibu. Yalikuwa matatu. Nikazima. Nilikuwa sijawahi kuizima katikati ya maneno ya mtu, na mkono uliniuma kidogo, sitasema uongo.

Asumini alikuwa ameketi mkekani, ungo mapajani, anatenga kokoto upande mmoja kwa ncha ya kidole. Niliona ana miwani mpya. Au si mpya, sikujua.

"Mama Shani," nilisema, "ulikuwa na jambo unataka kuniambia."

Hakuinua kichwa. "Lipi? La leo, au la Ramadhani?"

Majibu matatu yalijipanga kichwani mwangu yenyewe, moja la upole, moja la ukali, moja la mzaha. Niliyaacha yapite.

"Yote," nilisema.

Akanitazama kama mtu anayepima iwapo mgonjwa ana homa au anajisingizia. Halafu akarudisha macho kwenye mchele.

"Ngoja nimalize hapa," alisema.

Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake kusubiri. Ungo ulikuwa bado umejaa.